Kizimba cha Deuzarina

Deuzarina hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, au ndivyo alivyojiona. Mashua ya Manaus ikichelewa, alishuku nahodha ana mwanamke njiani. Kwa hiyo siku alipokuta visamaki vyake vinaelea matumbo juu ndani ya kizimba, jina lilimjia hata hajanawa uso: Ozimar.

Waliitana kompadre na komadre, maana Ozimar ndiye aliyemshika Jucilene, binti wa Deuzarina, siku ya ubatizo. Wote wawili walivua vile visamaki vyekundu vyenye mstari wa buluu vinavyopelekwa ng'ambo kufugwa kwenye matangi ya vioo, wakivitunza vizimbani ukingoni mwa Rio Negro mpaka mashua ije. Juzi tu Ozimar alikihamishia kizimba chake upande wa pili wa kijito, akamwambia, "Komadre, hama na wewe. Hapo si pazuri."

"Si pazuri kwa nani?" alimjibu. Moyoni akasema, huyu anaitaka sehemu yangu.

Sasa akachota maji kwa kiganja, akaonja. Maji yao ni meusi kama chai ya rangi, yana uchachu wa majani yaliyooza, na visamaki vile vimeuzoea uchachu huo. Haya yaliteleza ulimini kama sabuni. Basi ametia kitu, mnafiki mkubwa! Akazunguka nyumba kwa nyumba akiyasema, na Jucilene akakatazwa kumwomba baba yake wa ubatizo baraka. Walipokutana naye njiani, mtoto alipita macho chini. Ozimar alibaki amenyoosha mkono.

Deuzarina akaketi mtumbwini kulinda visamaki vilivyosalia. Mvua ikashuka. Juu yake pale ukingoni kilikuwepo kitalu chake cha vitunguu na giligilani, ndani ya mtumbwi mkuukuu uliowekwa juu ya vigingi. Siku zile sisimizi walikuwa wakimsumbua, naye alikuwa amekimwagia majivu ya tanuri la unga wa muhogo, tena bila ubahili. Sasa maji ya kijivu yakapenya kwenye nyufa za mtumbwi ule mkuukuu, yakateremka moja kwa moja hadi kizimbani. Akayaonja. Magadi matupu, ya mkono wake mwenyewe.

Akapiga kasia hadi upande wa pili wa kijito. Alimkuta Ozimar akishona wavu, akamwambia, "Kompadre, ni majivu yangu."

"Najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia uhame. Ningeongeza neno, ungesema navionea wivu vitunguu vyako."

Hata hivyo aliinuka, akamsaidia kukivuta kizimba hadi upande wake, kwenye maji machachu. Visamaki vikaanza kuchangamka. Jucilene akasogea, akanyoosha mkono. "Baraka, baba."

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Ozimar, akamshika kichwa.

Deuzarina naye akasimama akingoja neno lake.

"Mashua itafika kesho," Ozimar alisema huku akikunja kamba. "Kifunge vizuri, Bi Deuzarina."

Tangu ubatizo ule hakuwahi kumwita hivyo.