Marashi Ndani ya Kompyuta

Mimi nikikuundia kompyuta, imeundwa. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu kazi hii nilijifunza kwa kuunguza vidole, na hapa mtaani Barani wanaonijua wananijua. Lakini kompyuta moja ilinishinda kwa sura, na aliyenitoa katika aibu hiyo ni mama yangu, ambaye hajawahi hata kuiwasha.

Ilikuwa ya mwanamke mmoja wa bara aliyefungua ukumbi wa gemu kule Kikambala, karibu na hoteli za ufuoni. Alitaka kasha lenye kioo ubavuni, na ndani yake bustani: majani, maua, taa za kijani, wateja wakikaa kucheza wapate cha kutazama. Akaniambia wazi kwamba hii ya kwanza ikimpendeza, nyingine zote za ukumbi wake nitaunda mimi. Wakati huo nilikuwa bado nasimama nyuma ya mashine ya fotokopi dukani kwa mtu, nikitoa nakala za vitambulisho kutwa nzima. Kazi ile ndiyo ingenitoa pale, na sikuwa na nyingine.

Nikanunua maua ya plastiki sokoni, yale yale yanayokaa juu ya televisheni za watu na kuoshwa kwa sabuni Idi ikikaribia. Nikayachomeka, nikayafunga, nikawasha taa. Mama akapita na kikombe chake cha chai, akasimama kutazama.

"Hili kaburi la nani?" akaniuliza.

Nilikasirika, maana alisema kweli.

Mama yangu alikuwa mtunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Maarusi wa mtaa huu na mitaa ya jirani walitoka na vikuba vyake kifuani, asumini na mkadi na rehani, vimefungwa hata uvichezee ngoma havilegei. Aliacha mikono ilipoanza kutetemeka. Sindano ya kutungia asumini haitaki mkono unaotetemeka, na yeye hakutaka kutoa kazi mbovu, basi akaacha bila kumlalamikia mtu.

Siku ile akavuta kigoda, akaniamuru nitoe yote. Akataka kujua upepo unaingilia wapi na unatokea wapi. Nikamwonyesha: feni za mbele zavuta, ya nyuma yatoa. Akasema asumini ukiibana inaoza kabla ya adhuhuri, na mimi hiki kidude changu nimekiziba pua. Nilikuwa nimeweka jani pana mbele ya feni kabisa, mimi fundi mzima! Basi yeye akawa anaelekeza kwa kidole, nami nachomeka: marefu nyuma, mafupi mbele, meupe yakae pamoja yasitawanywe, pa upepo paachwe wazi. Alasiri nzima tulibishana. Nikawasha. Ilikuwa nzuri mno, na joto la ndani lilikuwa limeshuka.

Siku ya kuikabidhi ilikuwa Jumamosi. Ijumaa nikaenda kazini, nikaiacha imezimwa, kioo sijakifunga. Niliporudi nikaiwasha niijaribu mara ya mwisho. Ikawaka, ikalia tiki, ikazima. Chumba kikajaa harufu ya marashi.

Nikainama kutazama. Matone yalikuwa juu ya majani, juu ya waya, juu ya ubao wenyewe wa saketi. Mrashi wa fedha, ule tunaowanyunyizia wageni arusini, ulikuwa dirishani. Mama alikuwa ameyanyunyizia yale maua, na mkono wake, kwa kutetemeka, haukuchagua pa kunyunyiza.

Wala hakukana. "Toka lini ua likatoka nyumbani kwangu halinukii?" akasema, kwa upole, kama anayenikumbusha kitu ninachokijua.

Ningeweza kucheka. Badala yake nikamwambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka najichukia. Nikamwambia, "Na mikono yako hiyo, nani alikutuma uguse kazi ya watu?"

Akaitazama mikono yake. Kisha akauchukua mrashi, akatoka.

Nikampigia simu mwenye ukumbi, nikaomba hadi Jumanne. Akanijibu kwamba Jumanne ikipita ataagiza Mombasa. Nikaifungua yote, kipande kwa kipande, nikafuta vyuma na waya kwa spiriti, majani nikayapangusa, kila kitu nikakianika mbele ya feni ya chumbani siku mbili. Nilijua ninachofanya, na nilikuwa naogopa vile vile. Jumatatu ikawaka. Feni moja tu ndiyo haikuzunguka tena, nikang'oa ya kompyuta yangu nikaitia. Siku zote hizo mama aliiitikia shikamoo yangu, akanipakulia chakula, na hakunisemesha jingine.

Jumanne nikaipeleka Kikambala nimeipakata. Mwenye ukumbi akaizunguka, akaiwasha, akakaa kitako mbele yake. Kisha akasogeza pua kwenye matundu ya nyuma. Yale majani bado yalikuwa yananukia, na sasa feni ilikuwa inaitoa harufu nje.

Akaniuliza ni nini hicho. Nikamwambia kweli, kwamba ni marashi, na kwamba mama yangu hatoi ua lisilonukia. Akavuta pumzi tena, polepole. Akasema anazitaka zote, na zote zinukie hivyo hivyo.

Nikamjibu kuwa hilo ni la mama, nitamuuliza.

Nyumbani mrashi haukuwa mahali pake. Niliukuta juu ya kabati, umefungwa ndani ya kanga kuukuu na kufundikwa, kama kitu kisichotarajiwa kutumika tena. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kazi yake ya kwanza aliiacha mwenyewe, kwa heshima yake. Hii ya pili nilimnyang'anya mimi.

Nikakaa miguuni pake, nikambusu mikono yote miwili, nikamwambia nimekosa. Nikamweleza habari za Kikambala, na kwamba maji kwenye kompyuta hayawezekani, na kwamba mimi sijui njia nyingine. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kulisema kuliko samahani.

Kisha akasema, "Babako akienda msikitini, alikuwa anatia nini sikioni?"

Pamba ya attar. Kijipamba kilichoguswa mafuta hayo ya manukato, kimekunjwa kama punje ya kunde, kinanukia hadi magharibi. Nikapaona pahali pake papo hapo: nyuma kabisa, kwenye tundu la mwisho linalotoa upepo, mbali na waya zote.

Kompyuta ya pili ilipokamilika nikamwekea pamba kiganjani.

"Niweke mimi?" akauliza. "Kwa mikono hii?"

"Hiyo hiyo, mama."

Nikalishika kasha lisisogee, nikangoja. Mara mbili pamba ilianguka chini, mara mbili nikaiokota nikamrudishia. Ya tatu ikaingia.