Waliokuja Kumlilia Mama

Jumanne, tarehe ishirini na moja, mwezi wa nne. Mvua ilianza jana mchana ikakatika usiku. Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, ukisimama mlangoni huoni choo.

Nianze na ya jana, maana ya leo hayaeleweki peke yake.

Mama yangu alivuka kwenda Burundi mwezi wa pili kumzika kaka yake. Yeye aliingia nchi hii akiwa msichana, mimi nimezaliwa hapahapa Heru Juu, na sote sasa ni raia, lakini makaburi ya wakubwa yako kule. Alisema atakaa mpaka matanga yaishe. Korona ikaja katikati. Wa kule wakafunga mpaka. Wa huku wakasema anayeingia atengwe siku kumi na nne. Kisha mwenyekiti wetu wa kitongoji akapita na kipaza sauti, akaongeza la kwake: aliyepita njia za porini atarudishwa alikotoka, na wenye nyumba watajieleza.

Mimi niliposikia hilo niliwaza kitu kimoja tu. Mama akirudishwa, anarudishwa kwa nani? Mtu wake wa kule ndiye aliyekwenda kumzika.

Jana jioni nikiwa nachuma kisamvu akatokea nyuma ya migomba, ameloa chapachapa, viatu mkononi. Nilitupa kikapu nikamkimbilia.

"Simama hapohapo," akasema. "Usinishike. Nimetoka kwenye watu wengi."

"Mama, umepitaje?"

"Kwa miguu yangu. Mengine uniulize nikikauka."

Alipokauka akasema. Aliingilia upande wa Kibondo, akapanda pikipiki. Karibu na kizuizi dereva akamwambia, "Bibi, hapa wanatafuta wakimbizi wa kambini, hicho Kiswahili chako kitatuponza wote." Akashuka, akazunguka mashambani, akapanda nyingine mbele. Eti mimi na kambi wapi na wapi, akasema, lakini alishuka.

Mume wangu alimsikiliza kwa mbali, mikono nyuma. Tulipoingia ndani akasema, "Asubuhi nakwenda kwa mwenyekiti."

"Atarudishwa."

"Na watoto wetu? Na majirani? Wao hawana mama?"

Niandike kwa haki kwamba alisema kweli, na hakusema kwa ukali. Mimi pia sidhani nilikosea kuogopa. Tukapatana mama alale kwenye jiko la zamani, kile kibanda cha nje, apewe jiko la mkaa na blanketi, na asubuhi mume wangu aende kueleza yote kabla hayajaelezwa na wengine.

Sasa kuna jambo la kwetu. Mtu aliyetoka kuzika haachwi peke yake usiku wa kwanza anaporudi. Kuingia naye kibandani haiwezekani. Kwa hiyo mume wangu na shemeji yangu wakatoa benchi nje, wakawasha moto uani baada ya mvua kupungua, wakajifunika mablanketi wakakaa hapo wakizungumza naye kwa mbali mpaka kukakucha. Tuliona tumefanya vizuri, tumeshika la serikali na la wazee kwa pamoja. Hakuna kati yetu aliyefikiria uani kwetu kunaonekanaje kutoka njiani.

Alfajiri jirani yangu wa chini kwenye kijito, ambaye tunaimba naye kwaya, alikuwa anapanda kwenda shambani. Akaniona.

"Mwakeye!"

Salamu ya kwetu si neno moja. Unaitikia, unaulizwa nyumba, watoto, mbuzi, huku mmeshikana mikono mpaka viwiko. Alikuwa tayari ameweka jembe chini na kunyoosha mikono. Mimi nikainua kiganja asije, nikatikisa kichwa, nikajiziba mdomo na kanga. Sikutoa hata neno. Akanitazama. Akatazama benchi nje, moto, wanaume wawili ndani ya mablanketi. Akaokota jembe, akageuka, akateremka mbio.

Nikashukuru. Nilidhani ameelewa mambo ya ugonjwa. Lakini huku kwetu asiyeitikia salamu ni mtu mmoja tu, mfiwa. Nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, nimekwenda misiba mingapi.

Mume wangu alikuwa anamalizia chai, viatu tayari mguuni, tuliposikia kilio kinapanda kutoka kijitoni. Si cha mtu mmoja.

"Yoo, mama wee! Umelala ugenini, mama wee!"

Wakatokea kwenye ukungu, wanawake wa kwaya na wengine, kuni kichwani, unga kwenye beseni, maharage kwenye kitambaa. Walidhani taarifa imefika usiku kwamba mama amefia Burundi. Na nyuma yao, kofia mkononi, anakuja mwenyekiti wa kitongoji, maana yeye hakosi msiba.

Nikakimbia kuwazuia, mikono nimeitanua. Jirani akaona mikono iliyotanuliwa akafanya kinachofanywa, akanikumbatia akalia shingoni mwangu, na wengine wakanishika mabega.

"Hajafa!" nikapiga kelele. "Hajafa, niachie!"

"Ndiyo, mwenzangu," akasema huku analia. "Kwetu sisi hajafa."

"Nasema yu hai!"

"Mbinguni, mama. Jikaze."

Ndipo sauti ikatoka kibandani. "Huyo anayelia kama mbuzi aliyenaswa na kamba ni nani?"

Kilio kikakatika. Mtu mmoja aliangusha mzigo wa kuni. Mama akasimama mlangoni na blanketi lake.

"Msisogee," akasema. "Nimetoka ng'ambo jana."

Jirani aliniachia kama nimemuunguza. Mwenyekiti akavaa kofia yake, taratibu. Nilipoona anavaa kofia nilijua salamu za pole zimekwisha.

"Bibi, umepita wapi?"

"Palipobaki wazi."

"Tangazo langu hukulisikia?"

"Kipaza sauti chako kinafika Burundi?"

Kuna aliyecheka, akajificha. Mume wangu akasema, "Mwenyekiti, nilikuwa nakuja kwako sasa hivi."

"Ulikuwa unakuja, na chai ipo mkononi," mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma.

Ni kweli alikuwa anakwenda. Lakini kikombe kilikuwa mkononi, na hata mimi ningekuwa upande ule nisingemwamini.

"Kwanza tujue kama ana homa," mwenyekiti akasema. "Akiwa nayo anachukuliwa leo kwenda mjini Kasulu, wanakotenga wagonjwa. Akiwa hana, ndipo nitaongea la njia." Akampigia simu nesi wa zahanati. Akawakataza watu wote wasiondoke, na wasisogeleane. Wakatawanyika uani, kila mmoja na mzigo wake, kama kuku walionyeshewa.

"Tumekuja kulia," jirani yangu akasema, "sasa tutaliliwa sisi." Hakuwa anatania. Nyumbani ana mume mwenye kifua.

Nesi akaja kwa pikipiki. Akavaa barakoa na glavu, akatoa kile kipimo cha kuelekeza kwenye paji la uso. Akasogea mlangoni, akaelekeza. Nilimwona anasoma. Akasoma tena.

"Joto liko juu," akasema.

Nilikaa chini, kwenye matope. Mama ni mama, lakini wakati huo niliwatazama na wale wote uani, nikahesabu nani amenigusa, na mimi nani nimemgusa.

"Usiku kucha nimekumbatia jiko," mama akasema. "Ulitaka niwe baridi kama chura?"

Mwenyekiti akasema, "Nesi, kipimo ndicho kinachosema, si yeye."

Nesi alikuwa msichana tu, na angeweza kuandika alichosoma akaondoka zake, hakuna ambaye angemlaumu. Akachungulia kibandani, akaona mkaa bado mwekundu. "Toeni jiko nje," akasema. "Avue blanketi, akae kwenye kizingiti apate upepo. Tungoje."

Tukangoja. Sikujua nishike nini, nikaanza kuokota kuni zilizoanguka nikizipanga, nikazipangua, nikazipanga. Mume wangu alisimama na kikombe kilekile. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Mama alikaa kizingitini, mabega wazi, anatetemeka, na mimi namwomba Mungu asikohoe. Akakohoa. Mara moja. Watu wote walirudi nyuma hatua.

"Moshi," mama akasema. Hakuna aliyecheka.

Ukungu ulipoanza kupanda nesi akamrudia mama. Akapima. Akajipima mwenyewe, akampima mwenyekiti, akampima mama tena.

"Hana homa," akasema. "Kwa leo hana."

Na lilikuwa limebaki la njia. Mwenyekiti alivua kofia, akaizungusha mkononi muda mrefu.

"Nimekuja hapa kuhani msiba," akasema mwishoni. "Siwezi kutoka hapa nimeacha msiba wa kweli." Akaomba kamba ya katani. Akaifunga kutoka mgomba hadi mgomba kuzunguka kibanda. "Siku kumi na nne, bibi. Ukivuka kamba hii nakupeleka mpakani mimi mwenyewe, kwa mkono huu." Wote walionishika akawaamuru wakae kwao siku hizohizo, nesi atapita kuwatazama. Jirani yangu aliondoka bila kuniaga. Sikumlaumu.

Mume wangu anasema mwenyekiti ametenda utu. Naona hivyo, halafu najiuliza. Tangazo lilikuwa la watu wote. Angekuja mwingine kwa njia ileile, asiye na wa kumlilia, angefungiwa kamba au angerudishwa? Sijui. Huenda namkosea kuuliza, maana aliyepona ni wa kwangu.

Vitu vya wanawake vilibaki palepale. Kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani kwa mwenyewe, ni mkosi, hata kama msiba haukuwepo. Mama akauliza kutoka kibandani maharage yametoka kwa nani. Nikamwambia, kwa yule uliyemwita mbuzi.

Kisha akasema, "Mwambie alilia vizuri."

Jioni tulikula ugali wa muhogo na maharage hayo, yameungwa na mawese. Sahani ya mama niliiweka chini ya kamba nikarudi nyuma, akaja kuichukua. Kisamvu cha jana kilikuwa kimenyauka, tukampa mbuzi.