Nyar Uriri Si Jina la Picha

Jumatatu asubuhi niliondoka Suna nikiwa nimefura kwa hasira. Jioni ya jana yake, mhariri mmoja wa Nairobi alikuwa amenitumia kwa simu kurasa za kitabu kuhusu wakala wetu wa picha, ule tuliouanzisha hapa Suna sisi wapiga picha wenyewe, bila tajiri wala bosi. Tulikuwa na kanuni moja na tuliringa nayo: picha haitoki mlangoni bila jina la aliyeipiga. Gazeti lisilotaka kutaja jina lilikosa picha, basi. Sasa chini ya picha bora kuliko zote, ya mama anayeanua omena, dagaa wa ziwani, huku mvua ikimjia mgongoni, wameandika: "Binti wa Uriri. Mpiga picha hajulikani."

Hajulikani! Picha hiyo aliipiga Nyar Uriri, mwanamke pekee kati yetu wanne. Kwa Dholuo, Nyar Uriri ni binti wa Uriri, lakini huyo ni mpigaji, si mama wa omena. Wakala ulipovunjika, alihamia kisiwa cha Mfangano kwa mumewe, na negativu zake, zile filamu za picha, akaenda nazo. Kitabu kilikuwa kinaingia mitamboni Jumatano. Nilitaka nizishike negativu hizo mkononi nimwaibishe mhariri yule.

Saa mbili tulipita Uriri kwa matatu. Soko lilikuwa limeanza kuchangamka, wanawake wakishusha magunia ya viazi vitamu. Niliwatazama nikawaza kwamba dada yao amefutwa kitabuni hivi hivi. Hadi tunakunja kona ya Rongo, nilikuwa nimeshatunga matusi ya kutosha.

Homa Bay nilifika kabla ya saa tano. Nilisimama kando ya stendi nikampigia mhariri na kumwaga yote. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Mzee, sisi tulinakili tu daftari la picha la wakala wenu," akasema. "Ngoja nikutumie hiyo page."

Ukurasa ukaja. Safu ya "Mpiga picha" ilikuwa na majina yetu wanaume, kila mtu matatu kamili. Kwenye mistari yake yeye, safu hiyo ilikuwa tupu, na pembeni, kwenye safu ya "Maelezo", palikuwa na maneno mawili: Nyar Uriri. Mwandiko ulikuwa wangu. Daftari nililishika mimi tangu siku ya kwanza. Nilikumbuka hata nilivyojiambia kwamba nitajaza baadaye.

Nilitaka kurudi nyumbani, lakini Jumatano haikuwa mbali, nikaendelea na safari. Hasira ilikuwa palepale, ila sasa sikuwa na wa kumrushia.

Saa tisa alasiri, boti kutoka Mbita ilinishusha Sena, kisiwani. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akipara samaki nitampata wapi Nyar Uriri.

"Nyar Uriri gani? Hapa tuko nao watatu."

"Yule wa picha."

"Wote wanapiga picha na simu. Jina lake ni nani?"

Nilisimama pale kama mjinga. Sikulijua. Ilibidi nieleze urefu wake, mwendo wake na kicheko chake, ndipo mama akacheka na kunionyesha nyumba ya mabati mekundu.

Nyar Uriri alinipokea vizuri. "Karibu, Omondi. Omera, ndugu yangu, umezeeka vibaya!" Akaniwekea kuon, ugali wa kwetu, na samaki, tukala. Kisha nikampa simu asome. Alisoma ukurasa wa kitabu, akasoma ule wa daftari, akanawa mikono bila haraka.

"Huu ni mwandiko wako."

"Ni wangu. Lakini kila mtu alikuita hivyo."

"Hapa waniite hivyo, sawa. Mimi ni mke wa watu, kuitwa kwa jina la kwetu ni heshima. Lakini kwa kazi?" Sauti yake ilipanda. "Tulisafisha picha kwa chumba kimoja cha giza miaka yote hiyo na hukuwahi kuniuliza jina! Wewe ulijiandika majina matatu. Mbona hukujiandika Wuod Suna, mtoto wa Suna, ukaachia hapo?"

Nikatoa kalamu.

"Roselida Awino Okelo," akasema. "Roselida. Umeandika Rosalina. Futa."

Nikafuta.

"Sasa piga simu Nairobi. Weka spika nisikie."

Mhariri alipokea. Nilimtajia jina, herufi kwa herufi, nikamwambia aliweke chini ya kila picha iliyoandikwa Nyar Uriri, na pia kwenye orodha ya waanzilishi. Akakubali, akauliza kosa lilikuwa la nani, ili aeleze kitabuni. Roselida alinikazia macho.

"Langu," nikasema. "Andika hivyo."

Alinipa bahasha ya negativu asubuhi ya Jumanne, baada ya kunisainisha karatasi kwamba nitazirudisha. Njia nzima nilikuwa na hasira, safari hii juu yangu mwenyewe, nami sikujitetea. Tuliwafokea wahariri wa magazeti kwa kutufuta majina, kumbe mwenzetu tulimfuta wenyewe, tena kwa kumwita jina la mapenzi.

Jioni nilifika Suna. Mke wangu, aliyewahi kula na Roselida, kucheka naye na kusukana naye nywele, alinipokea mfuko mlangoni.

"Ulimpata Nyar Uriri?"

"Nilimpata Roselida Awino Okelo."

Akanitazama. "Huyo naye ni nani?"