Ujumbe Nilioukatiza

Mimi na yeye tulinyonya ziwa moja. Mama aliyenizaa alifariki siku niliyozaliwa, na jirani yetu hapa Kisauni, aliyekuwa na mtoto wa wiki tatu, akanichukua na kuninyonyesha pamoja naye. Kwa sheria yetu huyo ndiye mama yangu na mwanawe ni ndugu yangu. Mtu akisikia hivyo hudhani tulipendana. Mimi nilimwonea wivu tangu nilipojua kutazama sahani ya mwenzangu ina kipande gani cha nyama.

Madrasani nilihifadhi haraka kuliko yeye, na sauti yangu ilikuwa nzuri zaidi, nasema bila haya. Ilipokuja nafasi moja ya kwenda kusoma Khartoum, mwalimu akamchagua yeye, eti ana adabu. Chanda chema huvikwa pete, majirani wakasema. Nikambebea sanduku mpaka kituoni, meno nimeyauma.

Huko akakuta watu wanaipindua serikali. Alitutumia sauti yake katikati ya makelele ya maelfu ya watu, akieleza jinsi wanafunzi walivyoketi barabarani na kufuturu papo hapo. Mama alisikiliza akilia kwa hofu. Mimi nilikuwa nimetoka dukani Utange, ninakouza saruji na misumari, vumbi limenijaa kwenye nyusi, na sikuhofia chochote. Niliona tu kwamba yeye yuko mahali penye mambo, na mimi niko hapa nikibeba mifuko.

Lakini nilipata changu pia. Yeye akiwa hayupo, Mama alikuwa wangu. Mahali pake mkekani nilikaa mimi. Mama anasoma Kurani bila kukwama, ila herufi za simu hazijui, kwa hiyo kila alichoandika mwanawe kilipita kinywani mwangu. Simu ikilia, ataniita, "Njoo unisomee, mwanangu," nami nitaacha shughuli yoyote niende. Neno lile mwanangu nililipenda kupita kiasi.

Kisha, miaka kadhaa baadaye, mwishoni mwa Ramadhani, majeshi mawili yakaanza kupigana ndani ya mji ule ule. Mtandao ukawa wa kubahatisha, sauti haipiti, maandishi mafupi ndiyo yaliyofika. Wiki ya pili ya vita ukaja huu: "Mama, kesho kuna basi la kututoa Wakenya. Mwalimu wangu amepooza na wanawe wamekimbia. Nafsi yangu yataka nibaki naye. Lakini ukisema nije, naja. Nangoja neno lako."

"Yuwasemaje?" Mama akauliza. Alikuwa akikuna nazi, na mbuzi ikanyamaza.

Nilijua angejibu nini. Nikamwona ndugu yangu akishuka uwanja wa ndege, mtaa mzima umeenda kumpokea, msikitini anapewa kipaza sauti, na mimi nimerudi kukaa karibu na mlango. Nikasoma mpaka "nibaki naye." Nikazima simu.

Mama akakiweka kifuu cha nazi chini. "Kama ameamua hivyo, Mungu amhifadhi," akasema. "Mwandikie."

Nikamwandikia: Mama anasema Mungu akuhifadhi. Niliandika vile vile alivyosema ili nisijiite mwongo.

Miezi mitano hatukusikia neno. Mama akakonda, mapochopocho akaacha kupika. Nilikuwa naye peke yangu, kama nilivyotaka, na nilimkosa kabisa. Akinipakulia, macho yako mlangoni. Nikimsimulia jambo, atanijibu lile la juzi. Wallahi nilimwonea wivu ndugu yangu hata wakati ambao huenda alikuwa maiti.

Alirudi kwa njia ya Port Sudan, anaburura mguu mmoja. Mwalimu wake alifariki, akamzika yeye mwenyewe, uani, kwa sepetu ya kuazima. Siku ya tatu, tukiwa tumeketi watatu tunakula chakula cha mchana, akasema, "Mama, sikulaumu, lakini naomba nikuulize. Nilikwambia ukisema nije, nitakuja. Mbona ulinijibu tu, Mungu akuhifadhi?"

Nikalirudisha tonge sahanini. Mama akainua macho, akanitazama mimi, si yeye. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama mpaka akamaliza kuelewa, kisha akamgeukia.

"Nilisomewa ujumbe wote," akasema. "Ni mimi niliyetaka ubaki na mwalimu wako. Nisamehe, mwanangu."

"Hukutaka nije?"

"Sikutaka."

Ndugu yangu akaitazama sahani, akanawa mikono, akajikongoja kwenda nje. Mama hakumfuata.

Maisha yangu yote nilitaka anichague mimi mbele ya mwanawe. Siku hiyo alinichagua, na mimi nikanyamaza.