Kiroba Chenye Kalamu Nyekundu

Kustaafu ualimu hakukunipunguzia mdomo. Mtaani kwetu Lizaboni wananijua: nikikuta mtu anakosea namwambia palepale, na sauti yangu inavuka nyumba tatu. Ndiyo maana mwenyekiti wa mtaa alipotafuta mtu wa kusimamia usafi hakuhangaika. Alikuja moja kwa moja kwangu, na mimi nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Tatizo lilikuwa ile kona karibu na kwangu. Watu walikuwa wanatupa pale kila kitu: maganda ya ndizi, majivu, chupa za plastiki, viatu vilivyochoka. Gari la taka la manispaa lilikuwa linapita kila Ijumaa kuchukua taka za milangoni tu, ila kukaa na taka nyumbani mpaka Ijumaa kulimshinda kila mtu. Na hatua chache tu kutoka kwenye hilo jalala kuna kibanda cha mama lishe, mjane mwenye watoto watatu, anayepika chapati na supu. Mafundi wa mtaa mzima wanaanza siku kwake. Bwana afya alipita, akaona nzi, akamwambia kwamba akirudi mwisho wa mwezi na kukuta hali ni ileile, kibanda kinafungwa.

Mama lishe alikuja kwangu macho yamemwiva. "Shikamoo mwalimu. Nikifungiwa pale sina pengine."

"Marahaba. Huendi popote wewe," nikamwambia. "Niachie mimi."

Basi nikaitisha mkutano. Nikaeleza vizuri kabisa: taka zinazooza ziende kwenye shimo la mboji tutakalochimba kwenye kiwanja kitupu nyuma ya kibanda, tupate mbolea ya bustani zetu, chupa ziwekwe kando kwa ajili ya mnunuzi, kinachobaki kingoje gari. Ningeishia hapo ingekuwa salama. Lakini fundi baiskeli mmoja akapiga miayo mbele yangu, nami nikachemka. Nikawapa vidonge vyao. Nikasema mtu mzima anayetupa taka barabarani hana tofauti na mtoto wa chekechea, tena wa chekechea anafundishika. Watu wakanyanyuka mmoja mmoja wakaenda zao. Siku ya kuchimba shimo tulifika wawili, mimi na mama lishe, tukakwaruza ardhi kidogo tukachoka. Jalala lenyewe likazidi kunenepa, na zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Aliyetutoa kwenye shimo hilo ni mtani wangu. Yeye ni Myao wa Tunduru, anauza korosho sokoni, nyumba yake iko nyuma ya yangu. Mimi ni Mngoni, kama wengi wa mtaa wetu. Mababu zetu walipigana, sisi tukabakiwa na utani. Kwenye msiba wetu anaweza kuingia kaburini kabla ya jeneza, akalala humo, akagoma kutoka mpaka akombolewe kwa pesa, na hakuna mfiwa anayethubutu kununa. Ukimkasirikia mtani, watu watakucheka wewe.

"Tatizo lako unafoka," akaniambia. "Wangoni hawafokewi, mtani. Wangoni wanaliliwa."

Sikumwelewa mpaka Jumamosi asubuhi. Alikuja pale jalalani amevaa glovu, kanga ya mke wake amejifunga kichwani. Akafungua kiroba cha kwanza, akapekua, akatoa bahasha ya zaka yenye jina la mwenyewe. Akakipakata kiroba mikononi kwa heshima zote, akaenda nacho hadi kwenye nyumba husika, akakilaza mlangoni taratibu, akaangua kilio.

"Wafiwa, hodi. Nimewaletea mpendwa wenu. Mmemtupa njiani bila hata sala. Wangoni, mna roho gani?"

Mtaa mzima ukatoka nje. Baba mwenye nyumba, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani na mtu mwenye heshima zake, akatokea na mswaki mdomoni. Akakitazama kiroba, akaitazama bahasha, akacheka mpaka akashika mlango. Akauliza ukombozi ni nini.

"Koleo lako," mtani akasema. "Twende tukachimbe kaburi."

Kaburi lilikuwa ni lile shimo la mboji. Akarudi jalalani, akafungua kiroba kingine, na kingine. Kila aliyeletewa marehemu wake alichukua koleo au jembe akajiunga na msafara, na waliojiunga wakawa wanalia kuliko mtani mwenyewe. Kufikia saa nne shimo lilikuwa limefika kiunoni, na yule fundi baiskeli wa miayo ndiye aliyekuwa anachimba kwa nguvu zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa kibandani nakunywa chai, roho kwatu.

Ndipo mtani akafungua kiroba kilichofungwa fundo zuri. Juu kulikuwa na pampasi. Akasogeza, akaingiza mkono, akatoa kalamu nyekundu. Akatoa ya pili. Zikafika sita, zote zimekwisha wino. Vilio vyote vikakatika, kwa sababu mtaani kwetu anayefundisha tuisheni na kusahihisha madaftari ni mtu mmoja.

Wageni wangu wa Namtumbo walikuwa wameniachia pampasi za mjukuu za siku nne. Gari lilikuwa bado siku mbili. Nikajiambia mara moja tu, nikakiacha kiroba pale alfajiri nikielekea misa. Hiyo ilikuwa siku chache baada ya kuwaita wenzangu chekechea.

Mtani hakunionea huruma. Akakilaza miguuni pangu, akapiga magoti. "Pole mwalimu. Marehemu ameacha wosia, ameuandika kwa wino mwekundu."

Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, kwamba kalamu niliibiwa. Halafu nikawaona watu shimoni wamesimama na makoleo wananitazama. Nikinuna tu, wanaondoka, na kibanda kinakwenda. Mama lishe alikuwa ameshika upawa, hakoroji.

Nikaweka kikombe chini. "Ni wangu," nikasema. "Nipeni koleo."

Kicheko kile nadhani walikisikia hadi mlimani Matogoro. Nilichimba mpaka viganja vikachubuka, na mtani akanisimamia kama mwalimu mkuu, akinikosoa kila koleo la udongo. Jioni kona ilikuwa imefagiwa. Wiki zilizofuata, aliyeshawishika kutupa pale alikumbuka kilio cha Myao mlangoni kwake akarudi na taka zake.

Bwana afya alikuja mwisho wa mwezi. Akazunguka, akachungulia shimo, akauliza maswali mawili matatu. Kisha akaketi akala supu, akaongeza bakuli, akaondoka bila kufunga kitu.

Siku hiyo nilibaki kumsaidia mama lishe kuosha vyombo. Nikamwomba radhi kwa kile kiroba, maana kumwahidi mtu halafu kumtupia taka mlangoni kulikuwa kunanichoma. Aliendelea kusugua sufuria.

"Nilikuona siku ile, mwalimu. Mimi nawasha jiko saa kumi na moja alfajiri."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningekusema wewe, ningebaki na nani?"

Nikavuta sufuria iliyofuata, nikasuuza.