Imamu wa Mbalamwezi

Mimi ni fundi cherehani, na sisi mafundi tuna ugonjwa wetu: mtu akija, tunaiona nguo yake kabla ya uso wake. Ndiyo maana, imamu wetu wa hapa Rumonge aliponiita nyumbani kwake akaniambia kwamba mama yake anaumwa kule Nyanza-Lac na anaomba nimshikie msikiti mpaka arudi, kilichonijia kwanza si dua ya mgonjwa. Ni kanzu. Yangu ilikuwa imechakaa kwenye shingo.

Msikiti wenyewe ni mdogo, uko juu kidogo ya mwalo, pale mitumbwi inapovutwa mchangani na wanawake wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Waumini wake karibu wote ni wavuvi. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilisoma chuo cha Kurani nikiwa mdogo, na kwa sababu duka langu linatazamana na mlango wa msikiti. Sababu hii ya pili niliisahau mapema sana.

"Fundi," imamu aliniambia tukiagana, "ukiona watu ni kidogo, usivunjike moyo. Nia yako iwe Mungu tu."

Nikamjibu "Inshallah" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvaa kilemba.

Isha ya kwanza nilikuta safu moja nyuma yangu, tena yenye mapengo. Siku zilizofuata mapengo yakazibika. Ikaja safu ya pili, ikaja ya tatu, na haukupita muda vijana wakaanza kutandika mikeka nje. Mtu mwenye akili angejiuliza kuna nini. Mimi sikuwa na swali, nilikuwa na jibu: sauti yangu.

Basi nikaanza kurefusha. Mchana nilikuwa nafanya mazoezi juu ya cherehani, nikivuta herufi huku naendesha pedali, na wateja wawili walirudishiwa mashati yenye mikono isiyolingana. Nikaacha pilipili. Nikawa nakunywa tangawizi na asali kuchunga koo. Nikajishonea kanzu mpya ya kitambaa ambacho nilikuwa nimemwekea mteja.

Jioni moja mke wangu alinipakulia maharage tena, bila ndagala, kama jana na juzi. Yeye ndiyo kazi yake, ananunua ndagala mwaloni, anazianika na kuziuza sokoni. Siku zile alikuwa anashinda nyumbani tu, amekunja mikono. Nikamwambia kwa upole kwamba mtu anayeswalisha umati huu hawezi kula maharage matupu kila siku.

"Ndagala nitoe wapi, baba watoto?" akasema, akanitazama sana.

Niliona ni uvivu, nikamsamehe. Imamu lazima awe na subira na watu wa nyumbani kwake.

Kilichonimaliza kabisa ni cheo. Wavuvi walianza kuniita shehe. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mikono migumu ya kamba, alinishika bega nje ya msikiti akasema, "Shehe, murakoze, asante sana. Unasoma bien kabisa. Ile ya leo ilikuwa murefu, lakini tamu." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi ambaye tembo sijalionja maishani nilitia maji pipa zima. Kilemba cha ukoka nilikivaa na kukifunga vizuri. Kila nikimwombea mama wa imamu apone, moyoni nilikuwa naongeza: polepole. Mungu anisamehe, lakini ndivyo nilivyoomba.

Na kinachonichekesha hadi leo ni kwamba mwezi nilikuwa nauona. Ni mimi mwenyewe niliyewatangazia watu kwamba sasa ni zile siku za mwezi mpevu, anayeweza afunge. Nikitoka msikitini mbalamwezi ilikuwa inanimwagikia, nami nilifurahi tu kwamba kanzu mpya inang'aa.

Ukaja uvumi kwamba imamu huenda akahamia Nyanza-Lac moja kwa moja. Ningetulia, mambo yangekwenda yenyewe. Sikutulia. Nilipanda hadi kwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mfanyabiashara wa mawese, nikamwambia waje wajionee jinsi Mungu alivyoubariki msikiti. Nilisema Mungu, ila nilijigusa kifua.

"Sasa tuko na kazi ya ngazi kule Kizuka," akasema, maana zilikuwa siku za kuvuna ngazi za michikichi na kukamua mawese. "Tutakuja ikiisha. Nyuma ya wiki mbili."

Nikamwambia hata wakichelewa si neno, safu zitakuwa zimezidi.

Hazikuzidi. Mikeka ya nje ilirudi ndani. Safu ya tatu ikapotea, na ya pili ikaanza kutoboka. Nikasema ni mafua. Nikasema ni mpira kwenye televisheni. Mwisho nikasema ni hasidi, nikaanza kuwachunguza watu wanaonisalimia kwa haraka.

Jioni ya miadi wazee watatu wa kamati walifika mapema, wamejipaka uturi. Muadhini akaadhini. Tukangoja. Ndani tulikuwa sisi, muadhini, muuza kahawa mmoja, na mke wangu nyuma ya pazia. Nikaenda mlangoni kuwatafuta watu wangu.

Nje kulikuwa giza tupu, mwezi haupo. Na ziwa lote, kutoka mbele yetu hadi upande wa Muhuta, lilikuwa limejaa taa za mitumbwi. Safu yangu ya kwanza, ya pili, na ya tatu na mikeka yake, wote walikuwa kule wanaita ndagala kwa taa. Mimi, mzaliwa wa Rumonge, mume wa muuza ndagala, nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata kuku wa mwaloni wanalijua: mbalamwezi ikiwaka, ndagala hawafuati taa, na mvuvi hubaki nyumbani. Akibaki nyumbani huenda msikitini, hata kama anayeswalisha ni mbuzi.

Mwenyekiti akaja kusimama karibu yangu.

"Shehe, watu yako iko wapi?"

Nikanyoosha mkono ziwani. "Iko kule."

Alicheka mpaka akashika mlango. Nyuma ya pazia nako nilisikia mtu anakohoa, na mke wangu hakuwa na kikohozi. Niliona aibu iliyonishuka hadi miguuni. Niliswalisha kwa sura fupi kuliko zote ninazozijua.

Baada ya swala mwenyekiti akasema, "Fundi." Shehe alikwisha kuondoka. "Imamu amepiga simu, mama yake amepona, anarudi. Lakini imamu ni muzee, macho inamusumbua, bila mwezi hawezi kutembea njia ya kutoka kwake. Komite inaona hivi: mwezi ikiwaka ataswalisha yeye. Giza ikiingia, ni wewe."

Wenzake wakaona ni busara. Ndivyo ilivyo hadi sasa. Yeye ana umati, mimi nina mikeka. Mwanzoni nilikasirika sana, na kila mwezi ukipungua nilikuwa naunung'unikia kama jirani aliyehama bila kuaga.

Juzi, katika siku zangu za giza, ilinyesha mvua ya kutisha. Muadhini ana homa, muuza kahawa hakutokea, hata mke wangu alibaki nyumbani. Niliadhini mwenyewe, nikakimu, nikasimama. Sijui kwa nini sikufupisha. Nilisoma ile sura ndefu niliyoiandaa kwa ajili ya wazee wa kamati, ikatoka bila kujikwaa, na kwa mara ya kwanza sikuisikiliza sauti yangu. Kwenye sijida nikalia. Nilijua kwa hakika kwamba swala hii moja nimeiswali kwa ajili ya Mungu peke yake.

Nikavaa viatu, nikakimbia kwenye mvua hadi nyumbani kumweleza mke wangu.

Alinisikiliza hadi mwisho, huku anachambua ndagala za kuchoma.

"Hakukuwa mutu hata mumoja?"

"Hata mmoja."

"Basi si ungenyamaza, ikabaki ya wewe na Mungu?"

Maneno yake yalinichoma, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu swala ile nilikuwa naipenda. Nikaapa kwamba sitaitaja tena.

Asubuhi nilimweleza mteja wa kwanza. Na leo nimewaeleza nyinyi.