Mkatale Ilinifunga, Mkwe Akanifungua

Nilikosa mimi. Msinitafutie mtu mwingine wa kulaumu, hata yule mzungu wa zamani, huyo mara hii hana makosa!

Iko hivi. Msichana wangu Mueni ameolewa Athi River na fundi wa kuchomelea chuma. Mimi nilikuwa nataka mwalimu. Sasa nikajificha nyuma ya nthoni, ile heshima yetu Wakamba, mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Miaka nne sikuingia kwao! Mueni alipojifungua nilipeleka uji kwa thamosi, nikaipitisha kwa gate, nikarudi zangu Machakos. Huyo mtoto nilikuja kumshika akiwa ashajua kunikimbia. Ai!

Heshima gani hiyo? Ilikuwa dharau imevaa leso.

Juzi Mueni akanitembeza makumbusho, kuna vitu vya jela ya wakati wa wazungu. Mkwe ndiye dereva. Nilikaa nyuma naangalia dirisha mpaka shingo ikakauka. Huko ndani, yeye akiingia chumba hii, mimi natoka. Mwishowe akaenda kungoja nje, maskini.

Weh, hizo vitu! Minyororo ya miguu, viboko, pingu nzito kama jembe. Roho iliniuma, kweli. Lakini mdomo yangu haijui kunyamaza. Tukafika kwa mkatale: mbao mbili nzito, moja imeinuliwa juu ya ingine, na mashimo ya kufungia miguu. Yule mama wa kutuonyesha akasema mtu alikuwa anakalishwa hapo kutwa nzima.

"Hii tu?" nikasema. "Bench ya kanisa yetu ni mbaya kushinda!"

"Susu, tafadhali usiguse," yule mama akaniambia, akiniita nyanya kwa Kikamba.

Aligeuka kidogo tu. Nikavua viatu, nikaweka miguu. Mbao ya juu ikaanguka, pu! Chuma ya kufungia ikaingia, kutu ikashika.

"Ngai! Mueni, nitoe!"

Mueni akavuta. Yule mama akavuta, jasho inamtoka. "Hii haijafungwa tangu ije hapa," akasema. "Lazima tuite fundi."

Mueni akaniangalia, anazuia kicheko. "Fundi tuko naye, mama. Si wewe ndio ulimfukuza nje?"

Miguu ilikuwa inaanza kufa ganzi. Nikasema, "Muite."

Akaja, akasimama kwa mlango, macho chini. "Mwaitu, mama yangu, itabidi niguse mguu yako. Ni sawa?"

Miaka nne namdharau, na bado yeye ndiye analinda heshima! Nililia kama mtoto. "Mwanangu, haikuwa nthoni. Nilikuona mdogo tu. Nisamehe."

Alitoa spana kwa mfuko, akagongagonga ile chuma pole pole mpaka ikaachilia. Akapangusa kutu kwa miguu yangu, akanivalisha viatu mwenyewe. Halafu akasema, "Sasa tukuache hapa, ama unakuja kwetu kunywa chai?"

"Kwenu!" nikasema. Mueni alicheka mpaka akakaa chini.

Kufika kwao, ile gate nilipitishia uji, kumbe ni yeye aliichomelea, na maua ya chuma huko juu, maridadi! Miaka nne sikuwahi kuinua macho.

Wamama wenzangu, mila yetu haina makosa, ni sisi tunajifichanga ndani yake. Kama kuna mkwe umemsimamisha nje, enda umfungulie leo. Usingoje ufungwe miguu wewe!